Lakiri Iliyokatika

Mtu anayeishi Tunduma hujifunza mambo ya forodha hata kama hajawahi kuajiriwa forodhani. Malori husimama mbele ya nyumba zetu usiku na mchana, yakitoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900, kwenda Zambia na Kongo, na mengine yakirudi na shaba. Kila kontena la mzigo wa kupita limefungwa lakiri yenye namba. Ofisa huitazama namba ile, huilinganisha na karatasi zake, na lori likapita bila kufunguliwa. Haulizi ndani mna nini, kwa kuwa lakiri imekwisha kusema. Lakini lakiri ikionekana imekatika, hata kama dereva ni mwaminifu na ajali ilitokea kweli huko Kitonga, mambo hubadilika. Mzigo ule hauchomwi moto, wala hauachiwi upite kwa huruma. Hufunguliwa, huhesabiwa kitu kimoja kimoja mbele ya mashahidi, kisha hufungwa lakiri mpya.

Ndugu msomaji, nimeanza na lakiri kwa sababu nataka kuzungumza juu ya vijana waliokuwa wakisomea udaktari, vita vikawakuta darasani. Cheti cha daktari nacho ni lakiri. Mgonjwa hawezi kufungua kichwa cha daktari kuona mna nini. Hutazama mhuri, akalala kitandani. Je, vita vikiukata mhuri huo kabla haujakauka, tufanyeje na mtu mwenyewe?

Mimi ni tabibu mstaafu. Nimefanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya huku mpakani tangu sehemu hizi zikiwa Mkoa wa Mbeya, kabla Mkoa wa Songwe haujaanzishwa mwaka 2016. Kaka yangu ni mkulima wa kahawa huko Mbozi. Mwaka 2017 aliuza sehemu ya shamba la mibuni alilorithi kwa baba yetu, akampeleka binti yake Ukraine kusomea udaktari. Kwa desturi yetu binti wa kaka yangu ni mwanangu, kwa hiyo yaliyompata yamenipata na mimi.

Tarehe 24 Februari 2022, majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine, binti huyo alikuwa mwaka wa tano katika masomo ya miaka sita. Wakati huo Ukraine ilikuwa na wanafunzi wa kigeni zaidi ya 70,000, wengi wao wa udaktari. Alilala siku kadhaa katika handaki, akapanda treni akiwa amesimama, akafika mpakani na kukuta foleni ambayo watu weusi waliambiwa wasubiri nyuma. Alifika Mbozi na begi moja. Ndani yake mlikuwa na koti, chaja ya simu, na kile kifaa cha kusikilizia moyo. Hati za masomo zilibaki chuoni, na chuo kilibaki chini ya mabomu.

Miezi iliyofuata alisoma kwa simu. Walimu wake walikuwa wametawanyika, lakini walijitahidi kufundisha kwa mtandao. Nilimkuta siku moja nyuma ya ghala la kahawa, mahali pekee palipokuwa na mawasiliano mazuri, akifuatilia somo la upasuaji. Bando likakatika mwalimu akiwa katikati ya kuonyesha mshono. Akaniangalia akacheka, kisha akalia.

Alipoanza kuulizia namna ya kumalizia masomo nyumbani, ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa jina, ilimwambia alete matokeo yake halisi yenye mhuri wa chuo, na barua ya chuo kuthibitisha kwamba matokeo hayo ni yake. Akasema chuo kimefungwa kwa vita. Akajibiwa kwamba utaratibu ndio huo. Kaka yangu, ambaye hana maneno mengi, aliniuliza jioni ile: "Mdogo wangu, sasa nimeuza mibuni nikanunua nini?"

Sikuwa na jibu. Na nilikuwa na sababu ya kuchelewa kumjibu, kwa maana moyoni mwangu nilikuwa upande wa ile ofisi kuliko nilivyotaka kaka ajue.

Nieleze kwa nini. Mji wa mpakani hupokea kila aina ya mtu. Miaka ya tisini alifika mtu mmoja aliyejitangaza kuwa ni daktari aliyekimbia vita katika nchi jirani. Alikuwa na vyeti vitatu ndani ya fremu za kioo, vyenye mihuri ya kupendeza. Alifungua chumba cha matibabu karibu na soko. Usiku mmoja aliletewa mtoto mwenye degedege la malaria. Akavuta kwinini katika bomba la sindano, akaisukuma yote kwa mkupuo katika mshipa. Wenzangu wa kazi hii wanajua kwamba kwinini ya mshipa hutiwa ndani ya dripu, ikaenda polepole kwa saa kadhaa, la sivyo husimamisha moyo. Mimi nilimpokea mtoto yule akiwa ameshakata roho. Mama yake bado yu hai, na tukikutana njiani hunisalimu, nami huona aibu kana kwamba ni mimi niliyeshika bomba lile.

Kwa hiyo sitakubali mtu aniambie kwamba Baraza la Madaktari Tanganyika, au Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanapouliza maswali wanafanya roho mbaya. Hata kijana aliyemaliza chuo hapa hapa nchini hupita mwaka mmoja wa utarajali, akifanya kazi chini ya macho ya madaktari wazoefu, kabla hajaachwa peke yake na mgonjwa. Mwenye haki ya kwanza katika jambo hili ni mtoto wa yule mama wa sokoni, kisha ndiye mwanafunzi.

Lakini kuna mtu wa pili ninayemkumbuka, naye hunizuia nisiishie hapo. Vita vya Kongo vilivyoanza Agosti 1998 viliwasukuma watu wengi kuvuka Ziwa Tanganyika, na wengine kuingia Zambia. Mmoja wao, kijana wa Moba, alifika kwetu kwa kupitia Mbala na Nakonde. Alikuwa akisomea udaktari Lubumbashi, akaenda likizo kwao, na mstari wa mapigano ukapita katikati ya nyumba yao na chuo chake. Hakuwa na hata kipande cha karatasi. Mwaka huo kipindupindu kilikuwa kimeingia, nasi tulikuwa watatu tu kambini penye vitanda vya kamba. Nilimpa kazi ya kubeba ndoo na kukoroga maji ya chumvi na sukari, kwa kuwa kazi hiyo haihitaji cheti.

Usiku wa pili nilikuwa nahangaika na mzee mmoja aliyekuwa akipiga kelele kwa maumivu ya misuli. Kijana yule akaja taratibu nyuma yangu akasema kwa Kiswahili chake cha Katanga: "Papa, ule wa kule kwa kona hapigi kelele tena. Ule ndio anaenda." Nikageuka. Mwanamke aliyelala pembeni alikuwa kimya, macho yameingia ndani, na mapigo ya moyo mkononi hayakushikika. Tulimwahi kwa dripu mbili, akapona. Kijana asiye na cheti alijua jambo ambalo vitabu husema kwa mstari mmoja na wengi hulisahau: kwamba anayelia ana nguvu ya kulia.

Baada ya wiki tatu aliondoka kuelekea kusini. Sikujua la kumwandikia. Nilichukua karatasi ya zahanati, nikaandika kwamba mtu huyu amefanya kazi nasi katika kipindupindu na kwamba anajua kumtambua mgonjwa aliye hatarini. Nikatia saini. Mhuri sikuutia, kwa kuwa niliogopa kwamba sina mamlaka. Nimeujutia mhuri ule kwa zaidi ya miaka ishirini.

Basi nilikuwa na watu wawili kichwani: mwenye mihuri mitatu aliyeua, na asiye na mhuri aliyeokoa. Binti wa kaka yangu aliporudi, nilianza kusoma nione kama walimwengu wamewahi kukutana na swali hili kabla yetu. Njia niliyoifuata ilianzia katika hadithi ya baba.

Baba yetu alikuwa utingo wa lori wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alitusimulia kwamba huko Ifunda, karibu na Iringa, aliwaona Wazungu maskini, wanawake na watoto, wanaokaa kambini na kulima bustani. Jambo hilo lilimshangaza kuliko vita vyenyewe. Walikuwa Wapolandi. Warusi waliwahamishia Siberia na sehemu nyingine za Urusi, wakaachiliwa, wakapitia Uajemi, na maelfu kati yao wakaletwa Afrika Mashariki na ya Kati. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu karibu 5,000, na makaburi yao yapo huko hadi leo. Wengine waliwekwa Kidugala, na wengine Abercorn, ambayo leo inaitwa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu huu.

Watu wale walikuwa na ndugu zao waliokuwa wakisomea udaktari vita vilipoanza Septemba 1939. Wajerumani walivifunga vyuo vikuu vya Poland. Tarehe 6 Novemba 1939 waliwaita maprofesa wa Krakow mkutanoni, wakawakamata wote na kuwapeleka kambi ya mateso. Wanafunzi wengi walitoroka wakajiunga na jeshi la Poland lililokuwa Uingereza, na kule Scotland kukawa na vijana waliofika mwaka wa tatu, wa nne au wa tano wa udaktari, wakiwa wamevaa sare na hawana hati.

Chuo Kikuu cha Edinburgh hakikuwaambia walete mhuri wa Warszawa. Wala hakikuwapa shahada kwa kuwaonea huruma. Tarehe 22 Machi 1941 ilifunguliwa ndani ya chuo hicho shule ya udaktari ya Wapolandi, yenye maprofesa wa Poland waliokimbia pamoja nao, wakisaidiwa na wale wa Edinburgh. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Antoni Jurasz. Wanafunzi walipelekwa wodini, wakatahiniwa, na aliyeshindwa alishindwa. Kati ya 336 waliojiandikisha, 227 walihitimu kabla shule haijafungwa mwaka 1949. Mwanzoni waliruhusiwa kutibu Uingereza kwa muda tu, wakati wa vita. Sheria ya mwaka 1947 ndiyo iliyofungua mlango wa kusajiliwa moja kwa moja. Wengine walibaki huko, wengine wakahamia Marekani, Kanada na kwingineko.

Na ndani ya Warszawa yenyewe kulitokea jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1941 daktari wa upasuaji Jan Zaorski alipata kibali cha Wajerumani cha kufungua shule ya wasaidizi wa afya, watu wa kufunga vidonda na kubeba machela. Wajerumani waliona ni shule ya wasaidizi. Kwa siri ilikuwa ikifundisha udaktari kamili. Karatasi ya mwanafunzi ilisema yeye ni mbeba machela, naye alikuwa akijifunza kupasua. Baada ya vita masomo yale yalihesabiwa, kwa sababu walimu waliofundisha walikuwapo na waliweza kusema: huyu nilimfundisha, na hili analijua.

Hapo ndipo nilipolipata neno nililokuwa nikilitafuta. Mhuri ni ushahidi wa mwalimu uliokaushwa ili uweze kusafiri mbali. Vita vikiuharibu mhuri, asili yake haijapotea, maana asili yake ni jicho la mwalimu juu ya mikono ya mwanafunzi. Kama mwalimu wa kwanza hapatikani, atafutwe mwingine, amweke mwanafunzi mbele ya mgonjwa, amtazame.

Walimwengu wa siku hizi wamelijaribu jambo hili kwa njia mbalimbali. Katika vita vya mwaka 2022, Ukraine yenyewe iliahirisha mtihani wake wa taifa wa katikati ya masomo ya udaktari, unaoitwa KROK ya kwanza, na ikawasamehe wa mwaka wa mwisho KROK ya pili. Ilikuwa huruma ya kueleweka, lakini iliwaacha vijana na cheti ambacho nchi nyingine zilikitilia shaka. India, iliyokuwa na wanafunzi wapatao 18,000 huko, mwanzoni ilikataa kuwaingiza katika vyuo vyake. Baadaye mwaka huo ikawaruhusu wamalizie katika vyuo vya nchi nyingine, na mwaka 2023 ikakubali kwamba wale wa mwaka wa mwisho, ambao sehemu ya masomo yao ilikuwa ya mtandaoni, wapewe nafasi ya kufanya mtihani wa India wa nadharia na wa vitendo, kisha wafanye miaka miwili ya utarajali badala ya mmoja. Kontena lilifunguliwa na kuhesabiwa, ingawa wenye mzigo walikaa njiani zaidi ya mwaka.

Njia ya Edinburgh nayo imerudi, na safari hii imepita kwetu. Vita vilipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Tanzania iliwarudisha raia wake zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi. Miezi michache baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipokea wanafunzi wapatao 150 wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Tiba na Teknolojia cha Khartoum, waje kumalizia mafunzo yao ya vitendo katika wodi zetu. Rwanda nayo ilipokea wanafunzi wa chuo hicho hicho. Rwanda inajua maana ya kufungiwa chuo kwa damu: chuo kikuu chake cha Butare kilinyamazishwa na mauaji ya mwaka 1994, kikafunguliwa tena mwaka uliofuata. Nilipozisoma habari za Muhimbili nilijivunia nchi yangu. Kisha nikajiuliza swali la mkulima: kama tumeweza kulipokea darasa zima la wageni, kwa nini mwana wa nyumbani anayerudi peke yake azunguke na begi?

Jibu, nadhani, ni kwamba darasa zima huja na walimu wake, na chuo huandikiana na hospitali. Anayerudi peke yake hana wa kumsemea. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha huwekwa juu ya mtu dhaifu kuliko wote katika habari hii, aulizwe yeye barua za taasisi ambazo mizinga imezinyamazisha. Kumbe wenye uwezo wa kuandikiana na wizara za nje, au wa kumkalisha kijana mbele ya watahini kwa siku tatu na kujua amefika wapi, ni ofisi zenyewe.

Mwaka 2019 pale mpakani petu kilizinduliwa kituo cha pamoja cha Tanzania na Zambia. Zamani lori lilikaguliwa Tunduma, likavuka, likakaguliwa tena Nakonde. Sasa maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja, na dereva husimama mara moja. Hakuna nchi iliyoacha kukagua. Zilichokubaliana ni namna ya kukagua, kabla lori halijafika. Na mabaraza ya madaktari ya Afrika Mashariki yamekwisha kufanya kitu cha namna hiyo, kwa kukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja na kutambuana. Ningependa waongeze jambo moja kabla ya vita vijavyo: wakubaliane leo mwanafunzi aliyekimbia atapimwaje, wapi, na kwa muda gani. Vita huja bila hodi. Utaratibu ukianza kuandikwa siku wakimbizi wamefika, umechelewa.

Niwaambie yaliyompata mwanangu. Mwaka 2023 chuo kimoja hapa nchini kilimkubali, lakini kilimrudisha mwaka wa tatu. Kaka yangu alihesabu kwa vidole miaka iliyopotea, akanyamaza. Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Baada ya mwaka mmoja alikuja kunisalimu, nikamwuliza kama bado ana uchungu.

"Baba mdogo," akasema, "uchungu ninao. Yapo masomo niliyorudia nikiwa nayajua kuliko wenzangu, na hakuna aliyeniuliza ninajua nini. Lakini siku ya kwanza wodini niliwekwa mbele ya bibi mmoja wa kwetu, nikashindwa kumhoji. Miaka yote nilihoji wagonjwa kwa lugha ya kigeni, wachache, nikiwa nyuma ya wenzangu kumi. Na mtoto mwenye malaria kali sikuwahi kumwona. Kwa hiyo siwezi kusema nilionewa kwa yote."

Nilifikiri sana juu ya maneno hayo. Hakuomba apitishwe bila kufunguliwa. Alichotaka ni kwamba, baada ya kufunguliwa, ahesabiwe vyote: kilichopungua kiandikwe, na kilichomo kiandikwe pia. Walimrudisha nyuma bila kumhesabu, na huo ndio ulikuwa uonevu.

Sasa yuko mwaka wa mwisho. Kaka yangu amepanda mibuni mipya katika sehemu ya shamba iliyobaki, nayo imeanza kuzaa. Siku binti huyo atakapoanza utarajali, nimeomba anipe karatasi yoyote, hata ukurasa wa daftari. Nitaandika kwamba nilimwona akimshughulikia shangazi yake mwenye pumu usiku wa Krismasi, na kwamba mikono yake haikutetemeka. Hakuna ofisi itakayoihitaji karatasi hiyo. Lakini safari hii nitatia saini na mhuri wangu mdogo wa mstaafu, kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule kijana wa Moba niliyemwacha aende kusini bila mhuri.